Sehemu ya Pili

Riwaya ya marehemu iliishia kisimani:
jiwe juu, theluji juu ya jiwe, basi.
Ndivyo Maarika alivyoipeleka kwa mchapaji,
mjane wa Tartu, miezi miwili baada ya mazishi.

Sura ya mwisho aliitia jikoni mwenyewe,
karatasi tisa. Akakoroga jivu.

Leo sinema imejaa.
Jiwe linasogea.
Anayepanda amevaa sweta aliyozikwa nayo mumewe,
ya kijani, kifungo kimoja chekundu
(alikishona yeye, uzi ulikuwa umekwisha),
na anayasema maneno ya karatasi ya nane
hata pale marehemu alipokata akaandika upya.

Watu wanapiga mayowe, wanacheka, bisi zinamwagika.

Kiti cha kushoto hakikuuzwa.
Sasa kinakunjuka, polepole,
kama kwa mtu mzito, aliyelowa.