Chumvi ya Jikoni

Mchana, pale Gerezani, mimi ni adui wa kutu.
Naipiga brashi ya waya hadi chuma kicheke,
napaka pati, napiga msasa, napuliza rangi,
na mteja akija hulizunguka gari lake mara mbili
asiulize kilichoko chini.
"Liwe kama jipya." Ndivyo wasemavyo wote.
Fundi Pazi hupokea pesa. Mimi hunawa kwa tina.

Usiku, Buguruni, juu ya meza ya cherehani ya Zamoyoni,
naitafuta kutu ile ile, niilete kwa mkono.

Gari lenyewe hukaa kiganjani.
Nililikuta Karume kwenye lundo la midoli ya mitumba,
boksi limepasuka pembe, limefungwa kwa mpira wa baiskeli,
vipande mia na tatu, kimoja hakipo:
kioo cha pembeni.
"Bosi," akasema muuzaji, "hata langu la kweli halina."
La Kimarekani. Boneti refu kama hotuba,
matairi ya nyuma mapana, usukani kushoto.
Dogo mara ishirini na nne kuliko lile la Mtaa wa Likoma.

Lile la Likoma lilikuwa la Bwana Karsan.
Halikuwahi kuwaka tangu nijue kuhesabu.
Lilikaa uani juu ya matofali, kuku wakitaga kiti cha nyuma,
na dada yangu Sikudhani kashika usukani,
anatupeleka Morogoro, anatupeleka Tanga,
anafoka, "Kaeni vizuri, kuna trafiki!"
Siku moja wakaja wanunua chakavu na mkokoteni.
Wakalikata, wakalipima kwa kilo.

Basi nikaunganisha. Gundi, wembe, pumzi iliyobanwa.
Silinda nane, na kila plagi uzi wake wa shaba
niliouchuna kwenye chaja iliyokufa.
Boneti likifungwa hakuna atakayeuona.
Mimi najua.

Kisha kazi ninayoipenda.
Kwanza rangi ya kutu, mwili mzima.
Juu yake maji, na juu ya maji chumvi,
chumvi ya mawe, punje kwa punje,
hapa mlango unapokutana na sakafu,
hapa mvua ya masika hutuama.
Zamoyoni kasimama nyuma yangu:
"Mume wangu, unaunga gari au unaunga mboga?"

Nikapuliza buluu. Nikangoja ikauke. Nikasugua kwa kidole:
chumvi ikatoka na buluu yake, kutu ikachungulia.
Ni chumvi hiyo hiyo, ila ile ya baharini haina haraka.
Kikulacho ki nguoni mwako;
kilacho gari ki chini ya rangi.

Nikapiga picha, nikamtumia Sikudhani, Maskati,
anakolea watoto wa watu.
Sauti yake ikaja usiku wa manane:
"Umekosea. Tundu lilikuwa mlango wa kushoto,
mlango wangu, nilikuwa naona miguu ya kuku kupitia pale.
Na halikuwa buluu. Lilikuwa kijani."

Kijani!
Nimekaa na neno hilo siku nne.
Mimi nilikuwa abiria, kiti cha kulia,
nikitazama mlango wa kulia unavyoliwa.
Kumbe kila mmoja alikuwa na kutu yake.

Sikulipaka upya.
Nilitoboa mlango wa kushoto kwa sindano ya moto,
nikatia unga wa tofali, na masizi ya sufuria kwenye ekzosi,
na ukingoni mwa tundu, chini ya buluu,
utepe wa kijani mwembamba kama ukucha wa mtoto,
kwani huenda Karsan alilipaka mara mbili,
na mimi mpaka rangi najua magari yanavyoficha.

Zamoyoni anataka meza yake, ana sare za shule za kushona.
Nakusanya chumvi iliyobaki kwa kiganja.
Kesho kuna Korola ya mtu wa Segerea, fenda zimeoza,
naye anataka liwe kama jipya.
Litakuwa.
Ila kabla ya pati nitainama kidogo,
nihesabu rangi.