Futi Kamba

Nyumba yetu ya Iyumbu bado ilinuka saruji
tulipoanza kugombania vitu vya kukalia.
Sebule futi kumi na mbili kwa kumi na nne,
mlango futi mbili na nusu.
Hesabu yote ilikuwa hapo mlangoni,
lakini nani alitaka hesabu siku ile?

Nyemo alitaka kochi la kona.
Alikuwa nalo ndani ya simu, akilikuza kwa vidole viwili:
la kijivu, miguu ya dhahabu isiyo dhahabu,
unaletewa hadi mlangoni, unalipa miezi sita.
"Mgeni akiingia," alisema, "aone tumefika."
Tumefika wapi, nikauliza.
Akacheka, akalikuza tena.

Mimi nilikuwa na kiti cha Saranda.
Baba alikikalia miaka kumi na tisa, karani wa stesheni.
Aliyekikalia kabla yake sijui,
ila chini ya kikalio pana namba iliyochomwa kwa chuma cha moto
na herufi ambazo hakuna aliyewahi kunisomea.
Mkono wa kulia umelika pale kiwiko chake kilipotua
akisubiri treni ya mizigo.
Ukikaa, kiwiko chako kinaangukia kishimo kile
kama mguu katika kiatu cha mtu,
halafu unashangaa kinakutosha.

"Kinalia," alisema Nyemo. Kweli, kinalia.
"Kina kunguni." Huo ulikuwa uongo.
Nikakitoa juani, nikakimwagia maji ya moto
kiungo kwa kiungo, mbele ya macho yake.
Hakutoka hata mmoja.

Tukaenda Chang'ombe kwa fundi Chilongani.
Akagonga kabati jipya kwa kifundo cha kidole,
likaitika kama boksi la sabuni.
"Hili ni unga wa mbao na gundi. Likilowa linavimba kama andazi.
Ila kwa Dodoma hii..."
akatazama juu, hapakuwa na hata wingu la kusingiziwa,
"labda litawazika."
Akagonga meza ya mninga, kuukuu, mguu mmoja umeungwa,
iliyotoka nyumba ya mapadri ambayo hakuitaja.
Sauti ilikwenda mbali, ikachelewa kurudi.
"Hii mchwa aliionja akaghairi."
Akataja bei.
Nasi tukaionja, tukaghairi.

Siku ya kochi vijana wanne walilibeba,
wakalisimamisha, wakalilaza, wakaliinamisha,
likagoma mlangoni kama ng'ombe aliyeliona josho.
Wiki nzima lilikaa barazani ndani ya nailoni,
upepo wa Agosti ukilipaka wekundu,
mbuzi wa Mama Sechelela wakija kulinusa.
Majirani walikuwa wakilisalimia kochi kwanza, sisi baadaye.
Wiki hiyo ndiyo niliyonunua futi kamba.

Chilongani alilipasua mara mbili.
Kipande cha kona alikichukua kuwa ujira;
nasikia anakikalia pale kwake akinywa chai ya saa nne.

Kigoda hakuna aliyekichagua.
Kilikuja na basi la Kongwa, zawadi ya mama mkwe,
kimechongwa kwa gogo moja, bila msumari,
gunia la karanga limefungwa juu yake.
Nilikipima kwa futi kamba yangu mpya.
Sijui nilitaka kujua nini.
Nikakiweka katikati, kikakaa
kama kwamba sebule ilijengwa kukizunguka.

Madirisha bado hayana mapazia.
Jioni Nyemo anarudi kutoka Mtumba, vumbi hadi kwenye nyusi,
analipita kochi lake,
analipita bila kuligeukia,
anajitupa katika kiti cha Saranda.
Kinalia.
Kiwiko kinatafuta, kinapata.
Hasemi kitu, nami simkumbushi kunguni.
Ninakaa kwenye kochi, ambalo amekataza livuliwe nailoni
mpaka deni liishe,
na nailoni chini yangu nayo inalia,
kwa sauti yake.