Michezo Minne, Jioni Mbili

Nimeikunja karatasi mara nne, mara nane,
hadi majina ya michezo yamechanika kwenye mikunjo.
Leo ni Ijumaa, saa kumi jioni,
miguu imevimba kwa basi la usiku kucha,
na basi la kurudi Tukuyu linaondoka Jumapili alfajiri.

"Chagua," ananiambia Sekela,
amekaa kitandani kwa binamu yake, Tabata,
anahesabu noti mara ya pili
kana kwamba zitazaana.

Upo mchezo wa Upanga, unaosifiwa na kila mtu:
shahidi aliyekatwa ulimi anatoa ushahidi kwa mikono,
saa mbili bila neno, na watu wanatoka wakilia.
Tiketi ni bei ya debe la maharage.
Upo wa Magomeni, mabwana harusi wawili, mahari moja.
Sekela anautaka huo.
Tangu Juni, tangu tumzike mumewe,
hajacheka cheko la kufika kwenye magego.
Upo wa wanafunzi wa chuo, bure, njoo na mkeka wako.
Na upo wa Temeke, ambao karatasi haikuutaja.
Nimeuandika mwenyewe pembeni, kwa kalamu,
kwa sababu yumo Ambakisye, mtoto wa jirani,
aliyeondoka na insha zangu mbili
asizonikabidhi hadi leo.

Mama yake katupa parachichi ishirini tumpelekee.
Hakusema, "Mkamtazame."
Alisema, "Zimeiva nusu, zitafika salama,"
kisha akasimama stendi hadi basi likakata kona.

Ijumaa tulichagua kucheka.
Ukumbi ulifurika, feni moja ikizunguka
kama kibarua asiyelipwa.
Bwana harusi wa kwanza alipoangukia sinia la pilau
watu walijipiga mapaja.
Sekela alicheka. Alicheka mno,
alicheka hata pasipokuwa na kichekesho.
Nikamshika mkono, nikaukuta umelowa.
Akasema, "Niache. Ndicho nilicholipia."

Jumamosi mchana, ubishi.
Mimi nilimtaka shahidi asiye na ulimi.
Nimefundisha fasihi miaka thelathini na mmoja;
nimechora jukwaa ubaoni kwa chaki,
hapa pazia, hapa hadhira, mwanga unatokea huku,
mbele ya watoto ambao pazia walilolijua
ni lile la mlango wa chumbani.
Nilitaka kukiona, japo mara moja,
kile nilichokuwa nikikifuta kila kengele ilipolia.
Sekela hakujibu. Alikitazama tu kiroba cha parachichi
kilichoanza kunukia.

Tukaenda Temeke.

Mchezo wenyewe, niseme kweli, ulikuwa mrefu.
Mzee mmoja mstaafu anafungasha vyombo,
anafungua, anafungasha tena,
na njiani anasahau maneno yake.
Nilipiga miayo ndani ya kitenge.
Karibu na mwisho mlango ukafunguka,
Ambakisye huyo, ndani ya suti ya kuazima,
mikono ya koti imemfunika vidole.
Akasimama. Akasema:
"Mzee, gari limefika."
Akatoka.

Basi. Ni hayo tu.
Sekela akapiga makofi peke yake, watu wakageuka.
Upanga, saa hiyohiyo, shahidi alikuwa ameinua mikono.
Sitajua ilisema nini.

Jumatatu mama yake alifika kabla hatujafungua mabegi,
ungo wa maharage mapajani, anachambua.
Hakuuliza mchezo ulihusu nini.
"Alisemaje?"
Tukamwambia.

"Mzee, gari limefika," akarudia, polepole.
Kisha kwa ukali. Kisha kama mtu anayeomba radhi.
Kisha kwa sauti ambayo sijui aliitoa wapi,
mikono yake ikiwa imeinuka kidogo juu ya ungo,
imesimama hewani, haichambui tena,
nami, mwalimu wa fasihi,
nikatafuta pa kukaa.