Koti Lililoshuka Mlimani

Robota tulilifungua Jumanne, mie na Shumbana,
nyuma ya soko la Wete, wingu limeshaelemea Mtambwe.
Tulilipia blauzi.
Likatoka koti.

Zito kama mtu aliyelala,
rangi ya chungwa bivu, kofia yake imeshonewa manyoya,
na mabuti mawili, chini yana meno ya chuma,
si njumu za mpira, meno hasa,
yamefungwa kamba kwa kamba kama mbuzi wa mnada.
Shumbana alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.
"Hasara hii! Tumuuzie nani, mwenye friji?"

Mfukoni: glovu moja ya mkono wa kushoto,
ganda la peremende,
na ramani ya mlima, ina mikunjo minane.
Mistari imesongana kama alama ya dole gumba.
Juu yake kalamu ya risasi imepanda,
na kila ilipopumzika imeandika saa.
Karibu na kilele mstari umekoma.
Hakuna saa. Hakuna kitu.

Usiku ule sikulala vizuri.
Theluji mie naijua ya friji la Bi Mgeni,
ile aliyokuwa akiikwangua kwa mwiko tulipokuwa watoto,
tukaigombania, ikatuunguza ulimi.
Nikajaribu kuifanya iwe njia,
iwe mlima, iwe asubuhi nzima ya kutembea,
pumzi yako inaonekana mbele ya uso kama mvuke wa chai
na hakuna mlango wa kupigia hodi.
Nikashindwa. Ulimi tu ndio uliokumbuka.

Ijumaa alfajiri nikavaa mabuti.
Kilima cha mikarafuu ya marehemu baba,
udongo wake ukilowa ni sabuni;
mwaka jana ulinimwagia pishi tatu, ukanitegua kifundo.
Watoto wa Makame wakanifuata wakipiga makofi:
"Shangazi kavaa meno! Shangazi kavaa meno!"
Nami nikapanda.
Meno yakauma udongo, yakaachia, yakauma.
Kipupwe kikanipenya kwenye kanga,
na nilipofika mkarafuu wa mwisho nikageuka:
bonde lote halipo.
Ukungu umelala mweupe mpaka minazi ya ng'ambo,
na nyuma yangu matundu madogo, kumi kila hatua,
yamenifuata mpaka juu.

Hapo nikamwelewa, au nilidhani.
Aliona weupe kama ule unakuja, akatazama saa,
akasema heri nusu shari.
Shumbana anashikilia kwamba kafa,
nguo za wafu ndizo zinazouzwa.
Mie nasema aliyefia njiani hakunji ramani
kwa mikunjo iliyonyooka hivi.

Koti kalichukua kijana wa kiwanda cha barafu,
elfu kumi na mbili, akalivaa palepale, jasho linamtoka.
Kaomba nimwongeze ile glovu. Nikampa.
Mabuti siuzi.
Ramani nimeibandika ndani ya mlango wa kabati,
na juzi, soko limepoa,
nikachukua biki ya kuandikia madeni
nikamchorea njia ya kushuka,
polepole, nikipita kila saa yake,
mpaka ukingoni mwa karatasi,
ambako nadhani kuna nyumba.