Kisa na Jozi Yake

Kwenye fomu anaitwa kisa.
Kisa namba mia nne kumi na saba:
mwanamume, miaka hamsini na minne,
mchomeleaji vyuma, mkazi wa Kutaisi,
kaletwa usiku wa kuamkia Jumanne
jasho likimchuruzika,
na mkono wa kushoto, alisema, si wake tena.

Mimi nilimjua: Nugzar.
Lakini jina halikuwa na kisanduku.

Maswali yalitoka mbali,
yakafasiriwa mara mbili kabla ya kutufikia.
Kwa wiki unakula matunda mara ngapi?
Akacheka, mrija puani:
"Zabibu zikiwa ndani ya chupa, dada, zinahesabiwa?"
Nikaandika sifuri. Akanuna.
Nikamzungushia utepe kiunoni, kisha nyongani,
nikagawa cha kwanza kwa cha pili.
Mtu mzima, kageuka desimali.

Swali la thelathini na moja:
mwaka uliopita, ulipata huzuni
ya wiki mbili mfululizo au zaidi?
"Hapana," alijibu upesi,
kama afungaye mlango upepo usiingie.
Tsiala, mkewe, akageukia dirisha.

Mtaa mzima ulijua. Kiwanda kilifungwa Machi.
Gocha, mwana wao, alikwenda Poland kupaka rangi kuta za watu;
simu ikawa ya kila Jumapili,
ikawa ya Pasaka,
ikawa.

Kanuni ilisema: andika asemacho mhojiwa.
Nikatia alama kwenye Hapana.
Pambizoni, kwa penseli, herufi za sisimizi:
*mke ametazama dirisha.*

Sasa kila kisa lazima kipate jozi,
jinsia ile ile, umri usiopishana sana,
mtu aliyefika hospitali kwa shida yoyote
ila ya moyo.
Nikashuka ghorofa ya chini nikamkuta Otar,
kaanguka kutoka mjozi wa shemeji yake,
kifundo kimevimba, mifuko ya koti bado imejaa jozi.
Nilifuata jozi moja, nikapewa kiganja kizima.

Otar huvuta pakiti mbili. Nugzar alivuta moja.
Tsiala alimwona uani akirukaruka kwa mguu mmoja,
moshi ukimtoka puani,
akanishika kiwiko: "Kwa nini si huyu?"

Ningemwambia nini?
Kwamba mguu mmoja hauchori njia nyasini,
ni maelfu wakipita ndipo njia huonekana?
Kweli tupu. Nayo haikumfaa kitu,
yeye aliyekuwa na mguu mmoja tu wa kuulizia.
Nilimletea chai.

Damu zao nikazitia kwenye vichupa,
zikazama katika naitrojeni ifukayo baridi,
zikapanda ndege pamoja, wawili wasiowahi kusalimiana,
kulala friza moja na mwashi wa Lahore,
mshona viatu wa Rosario,
mwalimu mstaafu wa Busan na jozi yake.

Mkaguzi alipokuja alileta kifutio.
"Kompyuta," alisema kwa upole, "haisomi pambizo."

Miaka sita. Kisha kurasa tisa:
sigara, kiuno, shinikizo la damu,
sukari, mafuta,
na chini kidogo, huzuni.
Lahore kama Kutaisi, Rosario kama Busan.
Huko walistaajabu orodha kuwa ile ile.
Mimi nilistaajabu kwamba huzuni ilipata namba yake
licha ya kalamu kama yangu;
nikajiuliza ni madirisha mangapi
yalitazamwa Lahore.

Nugzar hakuzisoma. Moyo wa pili
ulimkuta bustanini, majira ya kupogoa mizabibu.
Wengine husema alikufa moyo kwanza,
mwili ukafuata tu. Mimi ni muuguzi,
sisemi hivyo. Mbele za watu.

Kila vuli Otar huniletea mfuko wa jozi,
anakohoa ngazi nzima, bado anavuta.
Nagawa katikati.
Nusu naiacha mlangoni kwa Tsiala,
bila kupiga hodi.