Kisanduku cha Bei

"Shangazi," asema Lali, "kimebaki kisanduku kimoja.
Picha ziko. Jina liko. Simu iko.
Langoni, nyuma ya tanuri la mkate, iko.
Hapa pa bei niandike nini?"

Sindano yangu ikakwama katikati ya kitundu.

Miezi minne, kofia moja.
Vitundu mia saba na kitu; nilivihesabu mara moja tu,
mwaka ule macho yalipoanza kunidai.
Stima ikikatika naendelea kwa kurunzi,
nimeibana kwa shingo kama mtu asikilizaye simu.
Yote hayo niyaminye ndani ya kisanduku
kisichoenea hata ukucha?

"Andika maelewano," nikamwambia.
"Ndivyo tulivyouza siku zote.
Mama mtu huja, huketi hapa dakani,
huigeuza kofia ndani nje akitafuta fundo,
hutaja yake, nami hutaja yangu,
na katikati ya bei mbili hutokea habari:
kwamba kijana anaoa, kwamba baba ameuza ng'ombe Witu,
kwamba mahari haijatimia.
Nami hushuka palipo na haja ya kushuka.
Mgeni wa Shela aliyeteremka na ndege yake
na mwanachuo wa Matondoni anayekopa nauli,
watasomaje namba moja?"

Lali hakubisha. Lali akibisha hunyamaza.
Akaandika: *Bei ni maelewano.*

Usiku ule nilimkumbuka mama
katika duka moja la Usita wa Mui,
mimi nimeushika ukaya wake,
akiuliza kile kitambaa cha zari ni kiasi gani.
Mwenye duka hakukitazama kitambaa.
Alivitazama viatu vya mama.
Kuuliza si ujinga, twafunzwa;
hatufunzwi kwamba kuna jawabu
ambalo kabla ya kutoka kinywani
limeshakupima.
Mama alisema, "Haya, tutarudi."
Hatukurudi.
Hata njia ile tukaiacha, tukawa twazungukia pwani.

Na bado sikumwita Lali.
Mtu na mazoea yake.

Hata mwezi wa maulidi, gatini Mokowe,
kijana wa Hidabu, jina lake Swabiri,
akanijia na mzigo wa vitunguu begani:
"Wewe ndiye wa zile kofia?
Ile ya viua vinne niliitazama kila usiku,
tangu posa hadi nikahi."
"Mbona hukuuliza?"
Akacheka, akauhamisha mzigo bega la pili.
"Kitu kisicho bei, Bi Somoe, kina wenyewe."
Alioa kwa kofia ya mashine, ya mia tatu.
Na alichokuwa ameweka akiba, alinitajia,
kilizidi nilichokuwa nitake
kwa shilingi mia tano.

Mia tano.
Nilikwenda nazo hadi nyumbani kama kijiwe ndani ya kiatu.

"Lali! Ndoo na kompyuta yako.
Weka elfu tisa na mia tano. Tarakimu, si maneno."
"Na Mwanashee jirani akiiona, akaweka elfu tisa?"
"Aweke. Vitundu vyake navijua."

Namba ilipotua pale
nilihisi nimetoka mlangoni kichwa wazi,
mtaa mzima wanijua sasa thamani ya macho yangu.

Kutwa kimya.
Nikajuta. Nikashona. Nikajuta tena,
nikafumua safu nzima niliyoishona nikijuta.

Baada ya magharibi simu ikatetemeka juu ya mkeka.
Namba ngeni, haina picha,
haina hodi, haina salamu:
"Nimeona bei. Sasa mwisho ngapi?"

Nikaichomeka sindano kifuani, palepale pake pa siku zote,
nikavuta mto nikaketi vizuri,
nikamwandikia, herufi moja moja:
"Alaikumu salamu.
Nani anaoa?"