Ijumaa, Haima

Leo lori limelala, nami nimeamka.
Fulana niliyoifua nimeitundika kwenye kioo cha pembeni;
kabla sijamaliza kusuuza ya pili, imekwishakauka.

Khelef ametandika jamvi kwenye kivuli cha tela,
anakata tikiti kwa kisu cha kukatia kamba.
Pirdadi, Mbaluchi wa Sohar, anatuibia kwenye karata
na sote twamwacha: kuibiwa nako ni starehe,
mradi hakuna anayeuliza mzigo utafika lini.

Kilomita mia tano nyuma, mia tano mbele.
Katikati mimi, miguu peku,
nimekalia kiti cha plastiki kisichokwenda popote.

Ila mguu wa kulia haujaambiwa.
Kila ngamia akikatiza barabara
unakanyaga mchanga, taratibu,
unatafuta breki.